Moshi wa trakteri una rangi tatu, lakini taa nyekundu ina neno moja: zima

Wenzangu wa lisansi, na nyinyi wadogo zetu ambao mungali kwenye oditwari, jambo ninaloandika leo halikuwa kwenye notisi zangu za masomo. Nilisoma agronomia: udongo, mbolea, magonjwa ya muhogo, hesabu ya mavuno. Kuhusu mashine tulipata kozi moja tu, ya ubaoni, bila kufungua moteri hata moja. Nikapata diploma yangu, nikafika Aveba kufanya kazi na kikundi cha wakulima, na kitu cha kwanza walichonikabidhi kilikuwa ufunguo wa trakteri. Prezida wa kikundi akasema: "Agro, wewe umesoma. Utatuangalilia mashine yetu."

Sikuthubutu kusema kwamba sijui. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Ilikuwa trakteri ya zamani, silinda 3, bila turbo. Mwezi wa tatu ulikuwa umefika, mvua zimeanza, kila mtu anataka zamu yake ili apande mahindi na maharagi. Kwa muda wa wiki mbili trakteri ilitoa moshi wa buluu. Niliuona, nikasema ni uzee. Halafu siku moja shoferi akaja kwangu: "Agro, ile taa ya mafuta inawaka tukipanda mlima. Tukishuka inazimika." Nikamjibu kama mtaalamu: "Ni waya tu, unaguswa-guswa. Malizia kwanza shamba hili."

Akamalizia. Na moteri nayo ikamalizika. Nitarudi kwenye habari hiyo. Kwanza nieleze kile ambacho ningepaswa kujua siku ile, maana wengi wetu tutakabidhiwa ufunguo kama mimi.

Moteri ya mazutu inafanya kazi namna gani

Moteri ya mazutu haina buji ya kuwasha moto kama ile ya esanse. Pistoni inagandamiza hewa mpaka nafasi yake inapungua mara 16 hadi 20, na hewa inapata moto wa zaidi ya digrii 500. Hapo injekteri inapuliza mazutu kama mvuke mwembamba sana, na yanawaka yenyewe. Kwa hiyo moteri inataka vitu vitatu: hewa ya kutosha, mazutu yaliyopulizwa vizuri na kwa wakati wake, na mgandamizo wenye nguvu.

Vitu hivyo vikiwa sawa, moshi karibu hauonekani. Ukiuona mwingi, ama kimoja kati ya vitatu kimepungua, ama kuna mgeni ameingia ndani ya silinda. Wageni ni wawili: mafuta ya moteri, au maji. Rangi ya moshi inakusaidia kujua ni nani.

Moshi mweusi: mazutu ni mengi kuliko hewa

Weusi ni masizi ya mazutu ambayo hayakupata hewa ya kuwaka yote. Trakteri ikitoa weusi kidogo inapoanza kuvuta jembe, usiogope. Lakini ukiendelea muda wote, fuata njia hii, toka kitu cha bei rahisi kwenda cha bei kali:

1. Angalia filtri ya hewa. Kiangazi kwetu ni vumbi na majivu ya majani yaliyochomwa. Filtri ikijaa, moteri inakosa pumzi. Kama ni ya karatasi, ikung'ute pole pole au uibadilishe, usiioshe kwa esanse. Kama ni ile ya zamani yenye bakuli la mafuta chini, toa tope, weka mafuta safi mpaka kwenye alama, usizidishe.

2. Angalia kazi unayoipa. Jembe limeingia chini sana? Gia ni kubwa mno? Punguza kimoja uone kama weusi unapungua.

3. Hapo tu ndipo ufikirie injekteri zinazotonesha matone badala ya kupuliza, au pompi ya mazutu iliyoharibika mpangilio. Hiyo si kazi ya chini ya mwembe, ni ya fundi mwenye kifaa cha kupimia.

Kumbuka pia kwamba nchi yetu iko juu. Bunia peke yake imepita mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja kati ya kumi. Moteri isiyo na turbo inapoteza nguvu kidogo, na weusi unakuja haraka ukiilazimisha. Kitu kimoja kamwe usifanye: kutoa filtri ili "ipumue vizuri". Vumbi litaingia na kusaga silinda kama msasa. Leo utaondoa moshi mweusi, mwakani utapata wa buluu.

Moshi mweupe: kuna aina mbili, usichanganye

Weupe wa kwanza ni mazutu ambayo hayakuwaka. Unachoma macho na unanuka mazutu. Asubuhi ya baridi unaweza kutoka dakika chache, moteri ikipata moto unaisha, hakuna shida. Usipoisha, uliza: injekteri? Mgandamizo umepungua? Mazutu yanaingia kwa wakati mbaya? Au mazutu yenyewe yana maji? Sisi ambao mara nyingi tunanunua kwenye mabidoni ya makadafi, jambo hili tulijue. Acha bidoni itulie usiku mzima bila kutikiswa, mimina bila kufika chini kabisa, na fungua kile kiskurubu cha chini ya filtri ya mazutu ili maji yatoke.

Weupe wa pili ni mvuke wa maji. Huu haukomi hata moteri ikiwa moto, na maji ya radiateri yanapungua bila kuona yanapovujia. Mara nyingi ni joenti ya kulasi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha moteri, imeungua. Au kichwa chenyewe kimepasuka. Chomoa fimbo ya kupimia mafuta: ukiona mafuta yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa, zima na usiwashe tena, maji yameshaingia. Na radiateri, jamani, usiifungue ikiwa moto. Maji yale yanaruka na kuchoma uso.

Moshi wa buluu: moteri inakula mafuta yake

Huu ndio ulionishinda mimi. Buluu maana yake mafuta ya moteri yanaingia pale yasipotakiwa, yanaungua pamoja na mazutu. Angalia ni saa gani unatokea:

Ukitoka kwa wingi wakati wa kuwasha, baada ya mashine kulala, kisha ukapungua, shuku supape: mafuta yanateremka kando ya miguu yake usiku.

Ukitoka muda wote, na zaidi moteri ikivuta kazi, shuku pete za pistoni na silinda zilizolika. Jaribu hivi: moteri ikiwa inazunguka pole pole, legeza kifuniko cha kuwekea mafuta, kwa uangalifu maana yanaweza kuruka. Ukiona moshi unasukuma kwa nguvu kama mtu anayepuliza jiko, hewa ya silinda inapita kando ya pistoni.

Lakini kabla ya kusema pete zimekwisha, hakikisha mambo mawili rahisi: mafuta hayakuzidishwa kupita alama ya juu, na lile bomba dogo la kupumulia la moteri halikuziba. Kwenye trakteri yenye turbo, angalia na turbo yenyewe, inaweza kuvujisha.

Trakteri yenye moshi wa buluu inaweza kufanya kazi miezi mingi bado. Hatari iko kwenye fimbo ya kupimia: kila siku mafuta yanapungua. Anayeona buluu na hapimi mafuta kila asubuhi ni kama mtu anayetembea na mfuko uliotoboka bila kuhesabu pesa. Huyo nilikuwa mimi.

Presha ya mafuta ni nini hasa

Ndani ya moteri, vilebreki, yaani ule mti wa chuma unaozungushwa na pistoni, haugusi chuma kinachoushikilia. Katikati kuna ngozi nyembamba ya mafuta. Pompi inanyonya mafuta chini kwenye karteri, inayapitisha kwenye filtri, inayasukuma kwenye kusineti, vile vyuma laini vinavyokumbatia vilebreki. Mafuta yanatenganisha vyuma, yanavipoza na kuvisafisha.

Sasa, presha inatoka wapi? Pompi inasukuma mafuta, na nafasi nyembamba zinayazuia yasipite haraka. Ni kama mpira wa maji: ukibana mdomo kwa kidole, maji yanaruka mbali, ukiachia, yanaanguka hapo miguuni. Kwa hiyo presha inashuka kwa sababu tatu kubwa: pompi haipati mafuta ya kutosha, mafuta yamekuwa mepesi kama maji, au nafasi zimepanuka kwa kulika.

Moteri nyingi za trakteri, zikiwa moto na kwenye mizunguko ya kazi, zinakaa kati ya bari 2 na 4. Zikizunguka pole pole inashuka, ni kawaida, lakini taa haipaswi kuwaka. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho.

Taa ikiwaka moteri ikiwa kazini, au mshale ukianguka, jambo la kwanza ni kuzima. Si baada ya kumaliza mstari, si baada ya kufika kivulini. Halafu fuata hatua hizi:

1. Ngoja dakika 10 hivi, trakteri ikiwa mahali sawa, pima mafuta. Yamepungua? Tafuta yalikokwenda.

2. Yamepanda juu kuliko jana? Hiyo ni mbaya pia. Nusa. Yakinuka mazutu, kuna mahali mazutu yanavujia ndani, pengine pompi ndogo inayovuta mazutu toka tanki, au injekteri. Mafuta yaliyochanganyika hayawezi kubeba chuma.

3. Mafuta ni ya namba gani? Kwenye joto letu moteri nyingi za namna hii zinatumia 15W-40. Ukiweka mepesi kuliko kitabu kinavyosema, presha itashuka moteri ikipata moto. Na vidanje ya mwisho ilifanywa lini, filtri ilibadilishwa?

4. Kama yote ni sawa, mwite fundi achomoe kile kidude cha taa na kufunga manometri ya kweli kwenye tundu lake. Hapo tu ndipo unaweza kusema "ni waya". Manometri ikionyesha presha nzuri, badilisha kidude. Ikionyesha presha mbaya, atatafuta chujio la chini ya karteri lililoziba, klape ya presha iliyokwama, pompi iliyolika, au kusineti zilizokwisha.

Munaona tofauti? Mimi nilianza na jibu la mwisho bila kupima la kwanza.

Kilichotokea siku ile

Mafuta yalikuwa yamepungua sana kwa sababu ya moshi wa buluu. Kwenye sehemu tambarare, pompi ilikuwa bado inayafikia. Tukipanda mlima, kidogo kilichobaki kilikimbilia nyuma ya karteri, pompi ikanyonya hewa, taa ikawaka. Tukishuka yalirudi, taa ikazimika. Taa ilikuwa inasema ukweli kila mara. Jioni ile shoferi alisikia mlio wa kugonga chini ya moteri, ko-ko-ko, kisha ikasimama.

Fundi mzee aliyekuja toka Bunia alifungua karteri, akatia kidole, akatuonyesha unga wa chuma unaong'aa. Kusineti zilikuwa zimeungua, vilebreki imekwaruzwa. Akauliza nani alipima mafuta mara ya mwisho. Shoferi akanyamaza ili kunilinda. Nikasema: "Ni mimi, Papa, sikupima." Akasema tu: "Mutoto yangu, bidoni moja ya mafuta ingewatosha."

Vilebreki ilisafirishwa kuchongwa, vipuri vikangojewa toka ng'ambo ya mpaka. Iliporudi kuwaka, msimu wa kwanza ulikuwa umepita. Waliokuwa na zamu mbele walivuna. Waliokuwa nyuma walilima kwa jembe la mkono kile walichoweza, na kati yao kulikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa amekwisha kulipa pesa yake ya mazutu. Hakunitukana. Alikuja kuuliza kama zamu yake ingali ipo. Swali lile ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo, wenzangu, sasa tuna daftari lililofungwa kwa kamba kwenye kiti cha trakteri. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, shoferi anaandika: mafuta yako wapi kwenye fimbo, maji ya radiateri, rangi ya moshi jana, taa. Dakika 5. Na ana ruhusa ya kuzima bila kuniuliza mimi wala prezida, hata kama shamba limebaki mistari miwili.

Ukikabidhiwa ufunguo na hujui, sema hujui, kisha tafuta fundi akufundishe ukiwa umeshika fimbo ya mafuta mkononi. Diploma haitapungua kwa hilo. Zamu ya mama yule tuliiweka ya kwanza msimu uliofuata, mwezi wa nane. Siku hiyo nilipima mafuta mwenyewe, mara mbili.