Kuku naye anahitaji hewa

Kila mara baridi ya mwezi wa sita na wa saba inapofika hapa Kasapa, wengi wetu tunafanya kosa moja: tunaziba nyumba ya kuku pande zote. Tunaogopa baridi, tunaogopa na mwizi.

Sisi pia tulifanya hivyo. Tulikuwa na kuku 14 ndani ya lupango. Tuliziba madirisha kwa matofali na plastiki. Asubuhi, tukifungua mlango, harufu ilituchoma macho. Kuku wakaanza kupiga chafya na kukoroma. Katika majuma mawili 6 wakafa, na pesa ya daftari za watoto ikapotea pamoja nao. Jirani mmoja alisema tumelogwa. Lakini ulozi ulikuwa ni ile plastiki yetu.

Mavi ya kuku yakilowa, yanatoa hewa kali inayoitwa amonia. Inaumiza macho na njia ya kupumua, na magonjwa yanapata mlango. Kuku mzima mwenye manyoya makavu anavumilia baridi. Asichovumilia ni unyevu, na upepo unaompiga mwilini usiku.

Basi, tujenge namna gani?

Urefu wa nyumba uelekee mashariki na magharibi. Kuta mbili fupi zijengwe kwa matofali mpaka juu, kwa sababu upepo wa baridi unatoka upande wa mashariki. Kuta mbili ndefu zijengwe mpaka kiunoni tu. Juu yake tuweke wavu wa waya wenye matundu madogo, mkono na panya visipite. Mwizi anazuiwa na wavu mgumu na kufuli. Hakuna haja ya kuziba.

Malata yatokeze nje sentimita 60 hivi, mvua isiingie. Sakafu ipande kidogo juu ya ardhi, tutandike maranda makavu ya mbao, unene wa sentimita 8. Yakilowa, tuyatoe, yatafaa katika shamba la mboga.

Tusiwasonge: kuku 4 au 5 kwa kila metre moja ya mraba. Nyumba ya metre 3 kwa 2 inatosha kuku 24. Tuweke miti ya kulalia, na kiota kimoja kwa kuku 5.

Usiku wa baridi, tufunike wavu kwa mifuko ya bunga iliyoshonwa pamoja. Tuifunge chini, tuivute kwenda juu, na tuache nafasi ya mkono mmoja chini ya malata. Hewa mbaya itoke hapo. Asubuhi tuishushe.

Vifaranga wadogo wasio na mama ndio wanaohitaji joto. Lakini tusiwafungie na mbabula ya makala katika chumba kisicho na hewa: moshi wake usioonekana unaua vifaranga, na unaua watu pia.

Nyumba nzuri haichukui nafasi ya chanjo ya Newcastle. Tumwulize daktari wa wanyama.

Kipimo ni rahisi. Kesho asubuhi, kabla ya kufagia, tuingie, tuchuchumae mpaka kichwa chetu kifike pale kichwa cha kuku kinapokaa, tuvute pumzi. Macho yakiwasha, tusingoje kuku wa kwanza afe. Tufungue juu siku ileile.