Babu kaamka haoni jicho moja: je, karogwa?

Hebu fikiria, kijana. Jana jioni babu yako alikuwa anashona nyavu zake pale Igombe. Leo asubuhi anakwambia, "Mjukuu wangu, jicho hili la kulia lina giza." Halimuumi wala si jekundu. Hata chai hamjanywa, jirani keshasema, "Huyo karogwa!"

Subiri kwanza. Nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu wenye nyuzi kama milioni 1. Kazi yake ni kupeleka picha kwenye ubongo. Damu ikipungua ghafla pale mshipa unapoanzia, nyuzi hizo hufa, na zikifa haziOti tena. Wagonjwa wengi hugundua wanapoamka. Wenye presha na kisukari ndio walio hatarini zaidi.

Je, hutokea mara nyingi?

Hapana. Uchunguzi uliofanywa Marekani miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kati ya watu 100,000 wenye miaka 50 na zaidi, 2 hadi 10 hivi huupata kwa mwaka. Yaani ujaze uwanja wa CCM Kirumba wazee watupu, karibu mara tatu, upate wagonjwa hao wachache.

Lakini mshipa huohuo una adui mwingine anayekuja kimyakimya: glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Kule Kongwa, Dodoma, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliikuta kwa watu kama 4 kati ya kila 100 wenye miaka 40 na zaidi. Huyu ndiye wa kumwogopa kila siku!

Sasa wewe ufanye nini?

• Mpeleke babu hospitali siku hiyohiyo. Usiseme "ni uzee tu". Mtoto wa jicho huja polepole, haji kwa usiku mmoja.

• Kama panja linamuuma, au taya linauma akitafuna, mwambie daktari upesi. Huenda mishipa ya damu imevimba, na dawa ikianza mapema huokoa jicho la pili.

• Usimtilie maji ya majani wala dawa ya macho ya jirani.

• Apimwe presha na sukari. Kama anavuta sigara, aache.

Tuambiane ukweli: jicho lililopotea mara nyingi halirudi kama zamani. Lakini bado kuna la pili la kulinda. Kati ya wagonjwa 100, kama 15 hupatwa na jicho la pili ndani ya miaka 5.

Na hilo la kurogwa? Huku kwetu Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Ugonjwa wa babu usiwe sababu ya kumnyooshea kidole bibi wa jirani. Wewe umesoma, basi nyumbani uwe wa kwanza kusema, "Twendeni hospitali."