Adui Aliyejificha Katika Gunia la Karanga

Kwa wananchi wa Teso, Lango, Acholi na West Nile, karanga ni kitoweo, ni karo ya shule, tena ni heshima apewayo mgeni. Kwa hiyo ni jambo la kusikitisha kwamba zao hili, baada ya kulimwa kwa jasho jingi, huharibiwa na mikono ile ile iliyolivuna.

Adui tunayemzungumzia ni kuvu. Sumu yake huitwa sumukuvu, na wataalamu huiita aflatoksini. Ilitambulikana baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Katika uchunguzi uliofuata mwaka 1961, karanga za kutoka Uganda zilikuwa miongoni mwa zile zilizotumiwa kumfichua mhalifu huyo. Basi habari hii si ya ng'ambo peke yake. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 1971 ulihusu sampuli 480 za vyakula zilizokusanywa sehemu mbalimbali za Uganda kati ya 1966 na 1967. Karibu theluthi moja zilikutwa na sumu hiyo.

Sumukuvu hushambulia ini. Ikiliwa nyingi kwa mara moja huua upesi, kama ilivyotokea Kenya mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye kuvu na 125 wakafariki. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu ambaye tayari ana homa ya ini ya aina ya B. Moto wa jikoni hauimalizi. Wala jicho halitoshi kuigundua, kwani punje yaweza kuwa na sumu bila kuonyesha ukungu.

Kuvu huanza shambani, hasa jua linapokuwa kali karanga zikikaribia kukomaa, au wadudu wanapotoboa maganda. Lakini hasara kubwa hutokea baada ya kung'oa. Karanga humwagwa juu ya udongo mtupu, mvua ikazikuta. Nyingine hutiwa katika mifuko ya nailoni kabla hazijakauka, zikapata joto na jasho humo ndani. Nyumba yenye turubali, mkeka au kichanja imekwisha kujikinga kwa sehemu kubwa, mradi unyevu wa punje usizidi asilimia 8 zinapoingia ghalani.

Hata hivyo, desturi inayotukera kupita zote ni ile ya kunyunyizia maji karanga zilizokwisha kukauka. Wanaobangua kwa mikono hufanya hivyo ili ganda lilainike na vidole visiumie. Nasi hatuwezi kuwalaumu sana akina mama wanaobangua magunia kwa ujira mdogo. Lakini wapo wachuuzi wanaonyunyizia ili mizani ipande. Hao hawana udhuru. Kazi ya jua ya wiki nzima hubatilishwa kwa kopo moja la maji.

Sisi wanajeshi tumezoea ukaguzi. Katika ghala moja la chakula tulikuwapo gunia lilipofunguliwa: juu punje zilikuwa safi, zenye kung'aa kama vifungo vya paredi, mkono ulipozama ndani ulitoka na punje zilizonyauka, nyeusi, zenye vumbi la kijani. Askari waliamriwa kuchambua gunia zima juu ya turubali. Kazi hiyo ilichukua asubuhi yote, na manung'uniko hayakukosekana.

Kuchambua husaidia sana, kwa kuwa sumu hukusanyika katika punje chache. Swali ni moja: zile zilizotupwa huenda wapi? Soko lenye kipimo cha Afrika Mashariki, ambacho hakiruhusu zaidi ya sehemu 10 katika bilioni, huzikataa. Ndipo huuzwa kwa bei ya chini, zikasagwa pamoja na simsim kuwa odii, na rangi mbaya ikapotea ndani ya chakula cha mtoto.

Siku ile ofisa wa ghala aliamuru zifukiwe. Shimo lilichimbwa, nazo zikamwagwa humo mbele ya macho yetu, huku mchuuzi mmoja akisimama kando ya ua na kuuliza kama hatungempunguzia bei.