Karatasi Zilizopunguza Ajali

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani kwa basi, safari ya saa sita. Dereva wetu alikuwa akiyapita malori katika kona, tena mlimani, mahali ambapo hata ndege asingeona kinachokuja mbele. Tulikuwa abiria zaidi ya hamsini. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa akisali polepole, mzee mmoja nyuma yetu aliguna mara mbili, nami nilishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Hapana aliyesema neno. Tulipofika salama, ndipo kila mtu alipoanza kumlaumu dereva, naye amekwisha shuka zamani kwenda kula.

Nimelikumbuka jambo hilo kwa kuwa nimesoma habari za uchunguzi uliofanywa kwa jirani zetu wa Kenya, nao ulihusu kimya cha namna hiyo hiyo.

Kwanza tazameni ukubwa wa jambo lenyewe. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023 yasema kwamba katika mwaka 2021 watu kama 1,190,000 walikufa katika barabara za dunia. Tena kwa watu wenye umri wa miaka 5 mpaka 29, hakuna jambo jingine linaloua wengi zaidi. Ndiyo kusema sisi tulio madarasani, na ndugu zetu waliotoka shuleni juzi.

Serikali ya Kenya haikukaa bure. Mwaka 2004, wakati wa Waziri John Michuki, matatu zote (ambazo sisi hapa Uganda huziita taksi) zilitakiwa ziwe na mikanda, na kifaa cha kuuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Sheria ilikuwa njema. Lakini kifaa chaweza kuchezewa na fundi, na askari hawezi kupanda kila gari.

Basi wataalamu wawili wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Georgetown huko Marekani, James Habyarimana na William Jack, wakajiuliza: ni nani aliyemo garini wakati wote, anayeliona kosa likitendeka, na atakayeumia likileta msiba? Ni abiria. Mbona basi hasemi? Jibu lao ni kwamba kila abiria humngoja mwenzake. Anayesema kwanza huogopa kuchekwa, au kutukanwa na utingo, au kuambiwa ashuke akanunue gari lake. Akinyamaza huyu, na yule hunyamaza, hata gari zima likawa na watu wenye hofu moja, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Dawa waliyoijaribu ni karatasi za kubandika ndani ya gari, mbele ya macho ya abiria. Karatasi hizo ziliwahimiza abiria waseme dereva anapoendesha vibaya, na nyingine zilikuwa na picha za kutisha. Katika jaribio la kwanza zilibandikwa katika matatu zaidi ya 1,000 za safari ndefu, zilizochaguliwa kwa bahati tu, kama kura. Matatu nyingine ziliachwa vivyo hivyo ili ziwe za kulinganishia. Ili madereva wasizibandue, iliwekwa bahati nasibu: dereva aliyekutwa karatasi zake zingalipo aliweza kushinda fedha. (Hapo niliona kwamba mabwana hawa wanawajua madereva.)

Hesabu ya ajali haikuchukuliwa kwa madereva wala kwa wenye magari, bali katika makampuni ya bima. Ilionekana kwamba kwa kawaida, katika kila matatu 100, kama 10 huleta madai ya bima kwa mwaka. Katika zile zenye karatasi, madai yalipungua kwa nusu, hata kwa theluthi mbili. Yale ya watu kuumia au kufa yalipungua kwa nusu au zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011.

Jambo likionekana jema namna hiyo mara moja, yafaa kulitilia shaka. Wao wenyewe walilirudia kwa matatu 12,000, wakatoa matokeo mwaka 2015. Safari hii madai yalipungua kwa robo mpaka theluthi moja. Faida ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini mimi naiamini zaidi. Karatasi zilizofanya kazi kuliko nyingine ni zile zilizowaambia abiria waseme kwa pamoja. Nao mwendo wa magari ulipungua kwa kilomita 1 au 2 tu kwa saa! Mtu atacheka. Lakini gari likienda kasi mara mbili, breki huhitaji umbali mara nne kulisimamisha, kwa hiyo hata punguzo dogo lina maana. Tena hilo ni wastani. Nadhani dereva mpole hakubadilika kitu, ila yule mkorofi, katika ile kona moja, alisikia sauti nyuma yake.

Kulikuwa na matangazo ya redio pia, yakifuatana na karatasi hizo. Katika hesabu za bima hayakuonekana kuleta tofauti yoyote. Mtu huyasikia akiwa nyumbani kwake anakunywa chai, na siku ya safari amekwisha yasahau.

Wanafunzi kadhaa wa kidato cha tano tumekata karatasi kumi za namna hiyo, ili tumwombe dereva wa basi tutakalopanda siku ya kufunga shule aturuhusu kuzibandika. Maneno ya kuandika bado tunabishana. Wengine wanataka yaanze na “Tafadhali”, wengine hawataki kabisa.