Kabla ya kulipa ada, uliza chuo kinatambuliwa na nani

Tabora mjini vyuo vipo: Utumishi wa Umma, Nyuki, Reli, VETA, na AMUCTA kwa wanaotafuta shahada. Familia za Urambo na Sikonge huuza tumbaku au asali ili mtoto asome. Fedha hiyo hupotea iwapo mwajiri atakikataa cheti.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka cheti cha chuo kinachotambuliwa na Serikali. Vyuo vikuu husimamiwa na TCU; vyuo vya kati na vya ufundi viko chini ya NACTVET, zamani NACTE. Aliyesoma nje ya nchi, cheti chake huhakikiwa kwanza. Hati ya matokeo pekee haikubaliki.

Kwenye afya, cheti hakitoshi. Muuguzi huhitaji pia usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na anayetoka chuo kisichotambuliwa hawezi kuvipata.

Mwenye gereji ni tofauti: yeye hutazama kwanza mikono ya fundi. Hata hivyo, kijana aliyejifunzia kazi mtaani anaweza kupimwa na VETA kwa mpango wa kurasimisha ujuzi, akapata cheti bila kuanza upya darasani.

Mzazi, fanya hivi kabla ya kulipa:

• Tafuta jina la chuo kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET au TCU.

• Hakikisha kozi yenyewe imo. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa, kozi ikawa haijaidhinishwa.

• Kwa kozi za afya, uliza baraza la taaluma.