Kipimo cha ngitili kisitegemee aina ya kompyuta

KWA mfugaji wa Shinyanga, ngitili ni akiba kama ilivyo fedha benki. Humpa malisho wakati wa kiangazi, kuni, dawa za asili, asali na miti ya kujengea.

Mwaka 1986, Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa hekta 600 hivi. Hadi mwaka 2003 zilikuwa zimevuka hekta 350,000 katika vijiji 833. Watafiti waliotathmini faida zake walikadiria kuwa zinaingiza wastani wa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi.

HASHI ilimalizika mwaka 2004, lakini haja ya kupima haikuisha. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Wachimbaji wadogo nao wanahitaji matimba ya kuegemeza mashimo, na miji iliyokua kwa sababu ya dhahabu inahitaji mkaa. Kijiji kinachotaka kujua kimepoteza miti kiasi gani kinahitaji kipimo ambacho mtu mwingine anaweza kukirudia na kupata jibu lile lile.

Malighafi ya kipimo hicho ipo. Picha za setilaiti za Landsat hutolewa bure tangu mwaka 2008. Katika picha hizo nukta moja ni mita 30 kwa 30, hivyo ngitili ya hekta 2 huonekana kama nukta 22 tu. Setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-2, iliyorushwa mwaka 2015, ina nukta za mita 10 kwa 10, na ngitili hiyo hiyo hupata nukta 200.

Programu ya kuzisoma ipo pia. QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, haina ada ya leseni. Aidha, inafanya kazi katika mifumo endeshi mikuu mitatu ya kompyuta: Windows, Linux na macOS.

Hata hivyo, kazi nyingi ndani ya QGIS hufanywa na programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazochomekwa ndani ya programu kubwa kama jembe la kukokotwa linavyofungwa nyuma ya trekta. Trekta ikiwa nzima na jembe lisiingie, shamba halilimwi.

Mojawapo ya programu-jalizi hizo ina historia ya Tanzania. Semi-Automatic Classification Plugin iliandikwa na Luca Congedo mwaka 2012 kwa ajili ya ACC Dar, mradi uliohusu mabadiliko ya tabianchi katika pwani ya Dar es Salaam. Mtumiaji huionyesha sampuli chache za msitu, shamba, maji na ardhi tupu, nayo huigawa picha nzima katika makundi hayo na kutoa ukubwa wa kila kundi. Kazi hiyo ndiyo inayohitajika Geita na Shinyanga.

Mitego mitatu

Programu-jalizi iliyoandikwa kwa lugha ya Python inaweza kufanya kazi katika mifumo yote mitatu bila kuandikwa upya, lakini ipo mitego mitatu.

Kwanza ni njia ya kufikia faili. Windows hutenganisha majina ya folda kwa mkwaju unaolalia upande mmoja, Linux na macOS kwa ule unaolalia upande wa pili. Mwandishi anayeandika njia hiyo kwa mkono badala ya kuiachia Python iipange, huifungia kazi yake kwenye kompyuta za aina moja.

Pili ni herufi kubwa na ndogo. Kwa Linux, faili la "Kahama" na la "kahama" ni mawili tofauti. Kwa kawaida Windows huyahesabu kuwa moja. Kosa lisiloonekana Windows huifanya programu igome mara inapohamishiwa Linux.

Tatu ni vipande vilivyotafsiriwa tayari kwa lugha ya mashine ili viende kasi. Hivyo hutakiwa kuandaliwa upya kwa kila mfumo na kwa kila aina ya prosesa.

Kuna suala la matoleo pia. QGIS 3 ilipotoka mwaka 2018 ilihamia Python 3, na programu-jalizi ambazo hazikurekebishwa hazikufanya kazi ndani yake.

Nani analipa?

Kiuchumi, gharama hizi ni ndogo zikizingatiwa mwanzoni, lakini zikiachwa hadi mwisho huwa kubwa. Mshauri akija na kompyuta yake, akapima na kuondoka, halmashauri hubaki na ramani isiyoweza kurudiwa. Ukizuka mgogoro wa mpaka au madai ya fidia, itabidi mshauri yule yule aitwe tena kwa bei atakayoitaja yeye.

Kinga yake ni masharti machache ndani ya mkataba. Msimbo wa programu ukabidhiwe kwa halmashauri pamoja na sampuli zilizotumika. Matoleo ya QGIS na ya programu-jalizi yaandikwe. Kisha, kabla ya malipo ya mwisho, picha ile ile na sampuli zile zile zijaribiwe kwenye kompyuta mbili, moja ya Windows na nyingine ya Linux. Tofauti ya sehemu ndogo ya hekta inavumilika. Zikipishana kwa hekta kadhaa, kazi irudishwe.

Jaribio hilo halihitaji mtaalamu kutoka nje. Linahitaji kompyuta mbili, na ofisa wa ardhi au misitu aliyefundishwa kuzitumia.