Pikipiki ya Sura ya Kale: Mng'aro Usikupofushe

Shemeji yangu ana umri wa miaka 53. Watoto wake wamekwisha kujitegemea isipokuwa mmoja, nyumba imemalizika, na tangu mwezi uliopita ameingiwa na shauku moja: kununua pikipiki. Si ya biashara, wala si ya kumpeleka kazini. Aitaka yenye sura ya ile aliyokuwa akiipanda marehemu baba yake mjini Tanga: tangi la mviringo, taa kubwa ya duara, magurudumu ya spoku na bomba la moshi linalong'aa. Aitoe Jumapili baada ya swala ya alfajiri, afike mahali penye upepo, anywe kahawa, arudi kabla jua halijawa kali.

Dada yangu alipopata habari hakugomba. Alinipigia simu akasema, "Kaka, shemeji yako hajashika klachi miaka 20. Nenda naye hukohuko anakotafuta, usimwache peke yake na vitu vinavyong'aa."

Nikaenda. Niliyojifunza ndiyo ninayokuletea, ndugu msomaji, kwani naamini mwenye shauku hii si yeye peke yake.

Ya kale hasa, au mpya yenye sura ya kale?

Hili ndilo la kwanza kulipambanua. Kuna makundi mawili yanayofanana kwa mbali. La kwanza ni pikipiki za kale hasa, mathalani BSA na Triumph za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960. La pili ni zilizoundwa karibuni kwa umbo la zamani.

Tulioneshwa moja ya kundi la kwanza, imepakwa rangi upya, yang'aa kama sinia la harusi. Shemeji alipoipanda, mguu wake wa kushoto ulitafuta gia usiipate. Pikipiki nyingi za Kiingereza za zama hizo zina gia mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume cha tulizozizoea. Uwanjani jambo hilo huchekesha. Lakini mtoto akikatiza barabara ghafla, mguu hufuata mazoea, nao utakanyaga gia mahali pa breki.

Tena, breki zake ni za ndani ya kitovu cha gurudumu, si za diski. Nati zake nyingi ni za vipimo vya Kiingereza, hivyo spana za milimita za fundi wa mtaani hazizikamati sawasawa. Kampuni ya BSA yenyewe ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na spea za chombo kama hicho aghalabu huagizwa kutoka mbali. Hicho ni chombo cha mtu apendaye kufungua injini kuliko kusafiri. Hilo nalo ni pumbao la heshima, ila silo alilolitaka shemeji.

Kundi la pili lina mengi ya kuchagua. Royal Enfield ilianza kuunda pikipiki nchini Uingereza mwaka 1901, na Bullet yake ikatokea mwaka 1932. Mwaka 1955 kazi hiyo ilianza pia Madras, India. Kiwanda cha Uingereza kikaja kufungwa, cha India kikaendelea. Classic 350 iliyotoka mwaka 2021 ina injini ya silinda moja ya cc 349, yenye nguvu za farasi 20 hivi. Honda nayo ina GB350 ya cc 348. Triumph Bonneville T100 ya cc 900 ni kubwa zaidi na bei yake ni ya juu zaidi. Yamaha SR400, iliyoundwa tangu 1978 hadi 2021, huwashwa kwa kiki tu, haina stata. Mwenye goti bovu na aitafakari mara mbili.

Pima mwili wako kabla ya mfuko

Nguvu za farasi 20 si nyingi, wala mtembezi wa Jumapili hahitaji zaidi. Mwendo wa kilometa 80 kwa saa watosha kuona minazi ikipita. Linalosahauliwa ni uzito. Classic 350 ina kilo 195, ilhali pikipiki nyingi za bodaboda hazifiki 140. Aliyezoea kuazima ya bodaboda asidhani ni mamoja.

Kwa hiyo fanya jaribio hili hapohapo dukani. Kaa kitini, uone kama nyayo zote mbili zatua chini. Kisha shuka, zima injini, uisukume kinyumenyume kama unayeitoa ilipoegeshwa. Ukihema kwa hilo, chagua nyepesi zaidi. Shemeji alihema kwa Bonneville. Kwa ile ya cc 349 alitabasamu.

Uliza pia breki za ABS, ambazo huzuia gurudumu lisijifunge unapobana breki kwa ghafla. Mikono iliyokaa miaka 20 bila mazoezi inazihitaji kuliko mapambo yoyote.

Chombo kinacholala

Pikipiki ya mapumziko huharibika kwa kulala kuliko kwa kutembea. Betri hufifia. Petroli iliyokaa miezi kadhaa ndani ya kabureta huacha utando unaoziba vitundu vyake. Hewa ya pwani yenye chumvi hula kile king'aacho kwanza. Basi iwekwe pakavu, ifutwe kila itokapo, na iendeshwe walau kila baada ya wiki mbili hadi injini ipate moto kamili. Kuiwasha dakika mbili uani na kuizima hakusaidii, kwani huacha maji ndani ya bomba la moshi.

Ukinunua iliyotumika, soma tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi. Zikiwa 2316, tairi liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata zake zaweza kuonekana mpya, lakini mpira umekwisha kuzeeka.

Bibi naye akipanda

Dada yangu ni mvaaji wa baibui, nami nililiuliza hili kabla ya yote. Nguo ndefu ikinaswa na cheni au spoku humwangusha abiria kwa kufumba na kufumbua. India, nchi ya masari, sheria yake yataka pikipiki iwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma kwa sababu hiyohiyo. Kama uinunuayo haina, fundi aifunge kabla abiria hajapanda. Suruali pana ndani, baibui lililokusanywa na kukaliwa, na kukaa kwa kutanua miguu badala ya kukaa upande: hayo si mambo ya fasheni.

Bei iliyo kamili

Mwishoni tuliketi sote watatu sebuleni na karatasi. Dada aliandika bei ya pikipiki, kisha chini yake kofia ngumu mbili, glavu, viatu vya kufunika vifundo, bima, leseni yenye daraja la pikipiki, na siku kadhaa za kujifunza upya kwa mwalimu. Akajumlisha. "Hii ndiyo bei," akasema. "Ile ya dukani ni ya chuma tu."

Shemeji aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Fedha ya vyote haikutosha, naye hakutaka kugusa ada ya mtoto wa mwisho. Akaamua kungoja miezi sita, na katika miezi hiyo aanze na mwalimu. Jumapili iliyopita nilimkuta uwanjani amepanda pikipiki ndogo ya mafunzo, akizunguka mapipa, kofia ngumu kichwani. Dada alikuwa kivulini na chupa ya chai, akimhesabia mara ngapi mguu wake umegusa chini.